London hadi Amsterdam: kwa nini kilomita 370 zinakula saa moja na ushei

Mpwa wangu anayesoma London alinitumia picha ya tiketi yake ya kwenda Amsterdam. "Shikamoo mjomba. Hebu nitazamie hii tiketi, naona kama wamekosea." Kwenda: anaondoka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, 10:00, anafika Schiphol, uwanja wa Amsterdam, 12:20. Kurudi: anaondoka Schiphol 17:00, anafika Heathrow 17:20. Kwenda saa mbili na dakika 20, kurudi dakika 20 tu. Njia ni ileile na ndege ni za aina ileile. Akauliza tena: "Kwani ni mbali kiasi gani?"

Nikaanza kumjibu kwa simu kwa vidole viwili, nikaona jibu linakuwa refu. Swali lake lina maswali matatu ndani yake, na watu wengi huyachanganya: saa za miji miwili, umbali wa miji miwili, na muda ambao ndege inauhitaji. Kila moja lina hesabu yake.

Tuanze na saa, maana ndiyo iliyomshtua. Ratiba za ndege huandika saa ya mahali husika: ya kuondoka ni saa ya mji unaoondoka, ya kufika ni saa ya mji unaofika. Amsterdam iko saa moja mbele ya London. Kwa hiyo 12:20 ya Amsterdam ni 11:20 ya London, na safari ya kwenda ni saa 1 na dakika 20. Kurudi, 17:00 ya Amsterdam ni 16:00 ya London. Toa kwenye 17:20, unapata saa 1 na dakika 20 vilevile. Hakuna aliyekosea.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tuna mtego mmoja wa ziada. Mtu anaanza hesabu kwa 17:00, katikati anageuza kuwa saa 11 jioni, kisha anaongeza saa moja ya Amsterdam juu yake, na hapo anapotea. Dawa ni kufanya hesabu nzima kwa saa za tiketi, kisha jibu likishapatikana ndipo uligeuze kwa saa zetu.

Lakini kwa nini tofauti iwe saa nzima? Ukitazama jua, haistahili. London na Amsterdam zimeachana kwa takriban nyuzi 5 za longitudo, na jua hukata kila nyuzi kwa dakika 4. Maana yake jua linafika juu ya Amsterdam dakika 20 tu kabla ya kufika juu ya London. Na kweli, mpaka mwaka 1940 Waholanzi walikuwa na saa yao wenyewe, iliyokuwa mbele ya saa ya Greenwich, ambayo ndiyo ya London, kwa dakika 20 hivi. Mei 1940 Ujerumani ilipoikalia nchi hiyo, iliwalazimisha kufuata saa ya Berlin. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, saa ya Berlin ikabaki. Kwa hiyo katika zile dakika 60 zilizomchanganya mpwa wangu, 20 ni za jua na 40 ni mabaki ya vita.

Tarehe 17 Mei 1920, shirika la ndege la Uholanzi, KLM, liliporusha safari yake ya kwanza kabisa, njia ilikuwa hii hii: kutoka Croydon, kusini mwa London, hadi Schiphol. Ndege ilikuwa de Havilland DH.16 ya kukodi, yenye nafasi ya abiria wanne, na siku hiyo ilibeba waandishi wa habari wawili na magazeti. Nao walipotua ilibidi wasogeze saa zao mbele kwa dakika 20 hivi. Leo tofauti ni saa moja mwaka mzima, kwa sababu Uingereza na Uholanzi hubadili saa za kiangazi na za baridi kwa wakati mmoja, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Sasa umbali. Swali la "ni kilomita ngapi" halina jibu mpaka useme unapima kutoka wapi hadi wapi, na kwa njia gani. Kutoka katikati ya London hadi katikati ya Amsterdam, ukipima mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, ni kama kilomita 358. Kutoka Heathrow hadi Schiphol ni kilomita 370, ambazo ni maili 200 za baharini, kipimo ambacho marubani wamekirithi kwa manahodha. Kwa gari, ukipita Folkestone, ukavuka chini ya bahari kwenye njia ya reli yenye urefu wa kilomita 50, ukatokea Calais, ukakatiza Ubelgiji hadi Uholanzi, unasogelea kilomita 540. Bahari ya Kaskazini imekaa katikati na haina daraja, kwa hiyo gari linazunguka.

Halafu London yenyewe haina uwanja mmoja. Heathrow uko magharibi, Gatwick kusini, Luton na Stansted kaskazini, na London City mashariki, ndani ya jiji, kwenye gati za zamani za mto Thames. Amsterdam iko upande wa mashariki. Basi abiria wa Heathrow anaanza safari akiwa amejisogeza mbali na anakokwenda, kisha ndege inamrudisha. Kutoka Stansted hadi Schiphol ni kilomita 314 hivi, kutoka London City ni 336, kutoka Gatwick 365. Mtu akikwambia "London hadi Amsterdam" bila kutaja uwanja, kilomita 56 nzima zinaning'inia hewani.

Hata hivyo, ukichukua zile 370 za Heathrow, hesabu ya darasani inakupa jibu la ajabu. Ndege za abiria za njia kama hii zikishatulia angani huenda kama kilomita 830 kwa saa. Gawanya: dakika 27. Tiketi inasema 80. Hizo dakika 53 zimekwenda wapi?

Kwanza, ndege hii haipati nafasi ya kutulia. Safari ya mbali ina kupanda, ina katikati ndefu, ina kushuka. Hii ya London na Amsterdam ina kupanda na kushuka, na katikati yake ni nyembamba mno. Marubani wana kanuni ya kichwani: ili kushuka futi 1,000 bila kuwatikisa watu, unahitaji maili 3 za baharini mbele yako. Ndege iliyopanda futi 25,000 inahitaji maili 75, takriban kilomita 140, za kushukia tu. Ongeza za kupandia, na katika zile 370 kinachobaki ni kidogo sana. Na chini ya futi 10,000, kwa kawaida ndege haziruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 463 kwa saa, kwa sababu huko chini anga imejaa. Kwa hiyo ule mwendo wa 830 tuliougawia hapo juu, ndege hii inauonja kwa dakika chache tu.

Wahudumu wa ndani wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Tazama siku utakayopanda: taa ya mikanda haijazimika vizuri, tayari kitoroli kiko njiani. Sandwichi, maji, kahawa kwa anayeitaka, kisha mfuko wa taka unafuata nyuma kabla hujamaliza kutafuna. Sauti ya rubani inasema tumeanza kushuka, na kwa dirishani bado unaona maji ya Bahari ya Kaskazini.

Pili, hakuna ndege inayopita kwenye ule mstari wa kilomita 370. Hupita kwenye vituo vya angani, yaani alama za kwenye ramani ya marubani, vyenye majina na foleni zake. Nyingi zinazotoka Heathrow kuelekea Amsterdam huzunguka kaskazini mwa London kupitia Brookmans Park, hukata Essex hadi pwani, huingia baharini kupitia kituo kinachoitwa REDFA, na huikaribia Schiphol kupitia kingine kinachoitwa SUGOL. Waongozaji ndege wanaweza kufupisha njia anga ikiwa tupu, au kuirefusha mbele kukiwa na msongamano.

Tatu ni upepo, na hapa watu huuelewa nusu. Ni kweli kwamba juu ya Ulaya upepo mkubwa huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo anayekwenda Amsterdam anasukumwa mgongoni na anayerudi London anakutana na upepo wa omo. Mabaharia wa pwani yetu wangeelewa mara moja. Lakini kwa umbali huu hauna nguvu kubwa. Chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa: wa mgongoni unazifanya zile dakika 27 kuwa 24, wa omo unazifanya 30. Tofauti ni dakika 6. Kwenye safari ya kuvuka Atlantiki upepo huohuo unaweza kula saa nzima. Hapa haulipi hata kahawa.

Upepo unaoumiza ni wa chini. Ndege hupaa na kutua ikiutazama upepo, na kwa kuwa mara nyingi katika mwaka upepo wa London hutoka magharibi, ndege hupaa kutoka Heathrow zikielekea magharibi. Fikiria: unakwenda Amsterdam, mashariki, na ndege yako inakimbia na kupaa kuipa Amsterdam mgongo, kisha inageuka. Dakika hizo zimo kwenye tiketi yako, na kwenye ramani ya kilomita 370 hazimo.

Upande wa Schiphol kuna njia ya kurukia ndege ambayo kila msafiri wa kawaida wa njia hii anaikumbuka, hata kama hajui jina lake. Inaitwa Polderbaan. Uwanja una njia sita, na hii ilifunguliwa mwaka 2003, ikawekwa mbali kabisa upande wa kaskazini-magharibi ili kelele zisiwakere watu wengi. Ndege zinatua hapo zikitoka kaskazini, kwa hiyo iliyotoka London inapita kwanza, inazunguka, ndipo inarudi kutua. Matairi yakishagusa lami unadhani umefika. Hujafika. Ndege inaanza kutembea kama basi. Mashamba ya kijani, mfereji, shamba lingine. Inavuka daraja, na chini yake magari yanapita kwenye barabara kuu ya A5. Robo saa inaweza kwisha kabla hujaona lango. Na unapotembea hivyo uko chini ya usawa wa bahari: eneo zima lilikuwa ziwa, Haarlemmermeer, ambalo Waholanzi walilikausha hadi mwaka 1852.

Nilimwomba mpwa wangu aandike saa halisi siku ya safari, zote kwa saa ya London ili tusichanganyikiwe. Alifanya kazi nzuri. Ndege ilisukumwa kutoka langoni 10:04. Ilipaa 10:21. Iligusa ardhi 11:07. Mlango ulifunguliwa 11:23. Jumla dakika 79, na kati ya hizo ni 46 tu ndizo alizokuwa hewani. Dakika 33 alikuwa ndani ya ndege inayotembea au kusimama juu ya lami.

Kwa siku ile ratiba ilitimia karibu sawasawa. Ratiba yenyewe imeandikwa hivyo kwa makusudi: shirika la ndege halihesabu muda wa hewani, linahesabu tangu kabari zinapotolewa kwenye magurudumu London hadi zinapowekwa Amsterdam. Linatazama safari zilizopita, foleni za saa hiyo, njia zitakazotumika, kisha linaongeza akiba kidogo. Ndiyo maana mara nyingine rubani anatangaza kwa furaha kwamba mmewahi dakika 10. Mambo yakienda vizuri, ile akiba haikutumika.

Kurudi kuna kizuizi chake. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia, na sheria inaiwekea kikomo cha safari 480,000 za kupaa na kutua kwa mwaka, kikomo ambacho inakigusa karibu. Ndege zikifika kwa wingi huambiwa zisubiri kwa kuzunguka juu ya vituo vinne: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Zinazotoka Amsterdam kwa kawaida huangukia Lambourne, juu ya Essex. Mzunguko mmoja ni kama dakika 4. Ukiona jua linahama kutoka dirisha la kushoto kwenda la kulia kisha linarudi, ujue uko Lambourne.

Kama utani huu wa kilomita na dakika unaonekana wa kupoteza muda, subiri ndege yako ichelewe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria fidia, na Uingereza ilibaki na kanuni kama hiyo kwenye sheria zake baada ya kujitoa. Kwa safari zisizozidi kilomita 1,500, fidia ya Ulaya ni yuro 250, mradi umefika ukiwa umechelewa saa 3 au zaidi na shirika halina sababu ya nje ya uwezo wake. Kilomita hizo zinapimwa kwa ule mstari mfupi wa juu ya dunia, hata kama ndege yako ilizunguka kiasi gani. Amsterdam yenye 370 iko ndani kabisa. Lakini Heathrow hadi Lisbon ni kilomita 1,560 na kidogo, kwa hiyo inavuka mpaka wa 1,500 kwa kilomita sitini tu na kuingia kundi la juu zaidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria waliotoka Rome kwenda Hamburg kwa kubadili ndege Brussels: vipande viwili vikijumlishwa vilipita kilomita 1,500, lakini mahakama ikasema kinachohesabika ni mstari wa moja kwa moja kutoka Rome hadi Hamburg, nao haukufika. Abiria akilipwa, analipwa kwa umbali wa ramani.

Na "kufika" ni lini? Kesi nyingine, iliyoamuliwa tarehe 4 Septemba 2014, ilikuwa juu ya ndege ya Germanwings kutoka Salzburg kwenda uwanja wa Köln/Bonn. Ndege iligusa ardhi ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58. Ilipofika kwenye maegesho, ucheleweshaji ulikuwa saa 3 na dakika 3. Shirika likasema tumefika kwa matairi. Abiria akasema bado nilikuwa nimefungwa mkanda. Mahakama ikampa abiria haki: umefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa. Naona ni uamuzi wa busara sana, maana mtu aliyeketi ndani ya ndege inayovuka daraja la Polderbaan hawezi kumkumbatia ndugu yake anayemsubiri.

Kutokana na haya yote, mimi hutumia hesabu moja rahisi kwa safari za ndani ya Ulaya: chukua kilomita, gawanya kwa 830 upate saa za kuruka, kisha ongeza dakika 45 hadi 50 za lami, kupanda, kushuka na kuzunguka. London hadi Amsterdam inatoka saa 1 na robo hivi. London hadi Lisbon inatoka saa 2 na dakika 40. London hadi Athens, kama kilomita 2,420, inatoka saa 3 na dakika 40. Linganisha na ratiba utaona inakaribiana. Athens iko mbali mara sita na nusu ya Amsterdam, lakini muda wake haufiki hata mara tatu, kwa sababu zile dakika 45 unazilipa mara moja tu, uende karibu uende mbali.

Na ndiyo sababu treni inaipa ndege upinzani kwenye njia hii hasa. Eurostar ya moja kwa moja kutoka London kwenda Amsterdam ilianza Aprili 2018, ikitumia saa 4 hivi. Ukisoma tiketi tu, ndege inashinda kwa mbali. Lakini treni inaondoka kituo cha St Pancras katikati ya mji na kukushusha kituo cha Amsterdam Centraal katikati ya mji, na maofisa wa mpaka wa upande wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wanakukagua London kabla hujapanda. Kwa ndege unakaguliwa Schiphol, kwenye foleni, kisha unapanda treni ya robo saa kwenda mjini. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akumbuke jambo moja hapa: viza ya Uingereza haimfikishi Amsterdam. Anahitaji ya Schengen, iwe kwa reli au kwa anga.

Mpwa wangu anaishi Stratford, mashariki mwa London. Siku ile ya kwenda Heathrow alitumia karibu saa nzima kwenye treni, akivuka jiji lote kwenda magharibi, ili ndege ije imrudishe mashariki juu ya vichwa vya majirani zake. Jioni aliporudi alinipigia, akiwa bado na begi mkononi.

"Mjomba, kumbe London City iko dakika chache tu kwa treni ya DLR kutoka kwangu."

"Ndiyo, mwanangu. Na kutoka hapo ni kilomita 336."

Safari ijayo ameshakata ya kutoka huko.